Bamvua la Jumamosi

Mimi nauza supu na chapati Mikumi, pale malori ya Tunduma yanapopumzika, na mtu akimwita baba yangu mwongo mbele yangu namrushia kilicho mkononi. Nasema mapema ili tusije tukalaumiana. Huko Ulaya, si ya Wazungu, ni kijiji chetu cha Kilosa, wananijua. Kuna mwanamume mzima sokoni pale hupita upande wa pili wa barabara akiniona nimeshika mwiko, na afanye hivyo hivyo.

Baba anaitwa Mzee Mtulia. Alizaliwa pwani, kijiji cha Kimbunge, huko kusini ya Dar, akaja Kilosa bado kijana kukata mkonge. Akamwoa mama yangu, Msagara wa Ulaya, akalima, akazeeka, na kwao hakurudi tena. Alikuja bara bila picha, bila ndugu, bila hata ndoano. Alichokuja nacho ni maneno tu: kwamba kwao alikuwa mvuvi wa pweza, na kwamba huko baharini ameacha shimo lake.

Hapo kwenye shimo ndipo watu wa Ulaya walipopata cha kuchekea. Mtu anamilikije shimo baharini? Baba alikuwa anaeleza kwa upole, kila mara kama ndiyo mara ya kwanza. Pweza anaishi kwenye shimo la mwamba. Ukimtoa huyo, mwingine anahamia, kwa hiyo mwenye kulijua shimo zuri hali ugali kwa chumvi maisha yake yote. Shimo haliuzwi, linaonyeshwa. Yeye alionyeshwa na mama yake, na mama yake alionyeshwa na bibi yake, na anayeonyeshwa siku zote ni mtu mmoja tu. Hilo la kwao liko mbali, ukingoni kabisa mwa mwamba, na halitoki nje ya maji isipokuwa bamvua likiwa kubwa, zile siku za mwezi kuandama ambapo bahari inajaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi. Linakaa wazi kidogo tu, kisha maji yanarudi na kulifunika.

"Mzee Mtulia, leo maji yakoje?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake Ulaya. Mtu anaendesha baiskeli na gunia la mahindi nyuma, anapunguza mwendo, anauliza, anacheka, anaenda zake. Na baba anajibu! Anatazama juu, anahesabu moyoni, anasema: "Leo maji mafu, hayana nguvu." Au: "Leo yamekupwa mpaka nyasi za bahari zinaonekana." Huko kijijini, bahari hakuna, mto wenyewe kiangazi unavuka na ndala mkononi. Alihesabu maji ya bahari miaka yote hiyo akiwa shambani kwetu, kwa kutazama mwezi, na hakuna aliyeweza kumwambia amepatia au amekosea.

Mwezi nao aliutazama kwa jicho lake. Redio ikitangaza mwezi umeandama, yeye hakubali. "Umeandama wapi? Mimi sijauona." Basi kila mwaka akawa anaanza kufunga siku moja nyuma ya watu, na Idd anaila siku moja nyuma ya watu. Mama alipika pilau mara mbili, leo ya wageni na kesho ya mumewe, na watu wakaiita Idd ya Baharia. Nilipigana sana shuleni kwa sababu ya Idd ile.

Sasa macho yanaondoka. Presha ya macho, alisema daktari wa Morogoro, na kilichokwisha kufa hakirudi. Baba anaona kwa kitundu kidogo cha katikati. Akitazama pua yako hakuoni sikio. Daktari akasema hata hicho kitundu hakitafika masika. Tulipotoka pale tukarudi kwangu Mikumi, maana siku hizi baba anakaa kwangu. Akakaa kitandani akavua kofia.

"Joha," akasema, "nataka nikakuonyeshe shimo."

Mimi nikasema twende. Sikuuliza kwa nini mimi na si kaka zangu. Kaka zangu walicheka na watu.

Lakini mkubwa wetu ni Abubakari, ana duka la vifaa vya ujenzi Kilosa mjini, karibu na stesheni, na tangu mama afariki yeye ndiye mwenye sauti. Sisemi ni mtu mbaya. Mwaka jana baba alianguka mtaroni akavunjika mkono, na Abubakari ndiye aliyelala hospitali naye. Nilipomwambia habari ya safari, alivua miwani akaiweka juu ya kaunta.

"Mzee haoni mlango wa choo, unataka kumpeleka katikati ya bahari? Akifia huko utasema nini?"

"Nitasema amefia kwao."

"Kwa ajili ya hadithi! Joha, hakuna shimo. Wewe si mtoto. Mzee alikuwa mkata mkonge kama wakata mkonge wengine, akajitungia mambo ili mama amkubali. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye yake imekuwa ndefu kwa sababu wewe unamshika mkono."

Kama kaunta ile isingekuwa pana! Nilimwambia, "Kaka, nakuheshimu, lakini mdomo wako una misumari kuliko duka lako." Akaitisha kikao cha ukoo, Jumamosi asubuhi, Ulaya, kwa mjomba Ditram, kaka yake marehemu mama. Wazee watasema, na watakalosema ndilo.

Nikakubali kikao, na nilikuwa na sababu yangu. Mwezi ulikuwa wa kumi, na baba alisema bamvua la mwezi huo ni miongoni mwa makubwa ya mwaka. Lingine la kiasi hicho ni mpaka masika, na masika macho hayatakuwepo. Hesabu yake ni hii: mwezi ukiandama jioni, siku ya pili yake ndipo maji yanapokupwa kuliko siku zote, saa nne hivi ya asubuhi. Alhamisi magharibi nikasimama nyuma ya nyumba badala ya macho yake, nikatazama magharibi mpaka nyota zikatoka.

"Sijaona kitu, baba."

"Basi unaandama kesho. Shimo linatoka Jumapili."

Mimi nikapanga hivi: Jumamosi asubuhi kikao, wazee wakubali au wakatae, mchana nampakia baba kwenye treni ya umeme Kilosa, mbele ya duka la Abubakari, na Jumapili asubuhi tuko Kimbunge. Wakikataa, watakuwa wamekataa na sisi tumeondoka. Nilijiona nina akili sana.

Ijumaa asubuhi akaja Lusekelo. Huyu ni dereva wa lori, Mnyakyusa mcheshi, anatoka bandarini na mzigo wa Tunduma, na hapiti Mikumi bila supu yangu. Kwa miezi yote niliyokuwa na wazo hili nilikuwa nauliza madereva wa Dar habari za anga la huko: upepo ukoje, mawingu yakoje. Wakanizoea. Wengine wakaniita Mama Hali ya Hewa. Siku ile Lusekelo hakungoja hata niulize.

"Dada Joha, mwezi wenu umeandama. Jana jioni, nikiwa Mlandizi. Mwembamba, ukipepesa umekupotea, lakini nimeuona mimi mwenyewe, na wale jamaa wa kuuza mahindi walikuwa wanaonyeshana."

"Jana? Umeota. Jana nimesimama nje mpaka shingo imeuma."

"Ulisimama wapi?"

"Hapa hapa Mikumi."

Lusekelo akageuza kichwa, akanionyesha kwa kijiko. Magharibi. Vilima. Vile vilima vilivyotuzunguka tangu nazaliwa, ambavyo jua huingia nyuma yake kabla siku haijaisha. "Mwezi wa siku ya kwanza haupandi juu, dada. Unazama pale pale na jua. Utauonaje hapa, labda upande mlima?"

Nilishika mwiko nikasahau chapati inaungua. Halafu akafungua simu yake kubwa kutazama utabiri, maana mimi nina kitochi. Watu wa hali ya hewa walikuwa wametangaza upepo mkali na mawimbi pwani yote kuanzia usiku wa Jumamosi. Jumapili hata wavuvi wasiende.

Kwa hiyo shimo linatoka kesho. Kesho Jumamosi, saa nne, wakati mjomba Ditram anafungua kikao kwa sala. Baada ya hapo upepo, na baada ya upepo giza la baba yangu. Nilimwachia jirani yangu Doris sufuria, hata sikumweleza vizuri, nikakimbia nyumbani.

Baba alikuwa anakunywa uji. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Baba, mwezi uliandama jana. Pwani wameuona."

Akaweka kikombe chini. "Nani kasema?"

"Lusekelo, yule dereva."

"Ebo! Dereva wa lori ananifundisha mimi mwezi? Mnyakyusa? Mwezi nimeanza kuutazama babu yake Lusekelo hajajua hata barabara. Jana mwezi haukuandama. Wewe mwenyewe umetazama."

"Nimetazama, baba. Nimetazama vilima."

Nikakaa karibu naye. Nilikuwa naogopa kulisema, maana najua ninachomvunjia. "Baba, kule Kimbunge, mwezi mlikuwa mnautazama wapi?"

"Magharibi. Bara. Juu ya minazi."

"Tambarare?"

"Tambarare."

"Na Ulaya? Magharibi kuna nini?"

Vidole vyake vikapapasa ukingo wa kikombe, na nilimwona anazirudia zile Idd zote, moja baada ya nyingine. Nilitamani kulia kwa ajili yake. Miaka yote ile kila alipoulizwa maji yakoje, aliwajibu maji ya jana.

"Maskini mama yako," akasema mwishowe. "Alipika pilau mara mbili bure." Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka machozi yakamtoka kwenye yale macho mabovu. Akajifuta na kofia akasimama. "Nipe shati langu. Bamvua ni kesho."

"Na kikao ni kesho."

"Kikao wanaweza kukipanga siku nyingine. Bahari haipangwi."

Hatukupitia Kilosa. Treni ni nzuri lakini stesheni iko machoni pa Abubakari. Tulisimama barabarani Mikumi tukasimamisha basi la kutoka Iringa, nikamkalisha baba dirishani, na tulipokuwa tunakatiza mbugani akawa ananiuliza naona wanyama gani, mimi namwambia twiga hata pale palipokuwa na vichaka. Ujasiri wote ulikuwa mdomoni. Nimemtorosha baba yangu mzazi. Akijikwaa tu, akivunjika mguu tu, ukoo mzima utasema Joha ndiye aliyemuua, na watakuwa na haki.

Simu ililia tukiwa Chalinze. Abubakari. Doris alikuwa amebanwa akasema.

"Mrudishe mzee sasa hivi!"

"Kaka, tuko Chalinze na basi linatembea. Nimrushe dirishani?"

"Joha, nakuapia, akipatwa na lolote..."

"Likimpata nitabeba mimi. Wewe ulikuwa unangoja apofuke ili usisumbuliwe na habari za shimo. Mimi sisubiri." Nikazima simu. Baba alikuwa anatazama mbele tu, lakini kidevu chake kilikuwa kimeinuka.

Tulilala Mbagala. Asubuhi tukachukua bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia baba katikati yangu na dereva, mpaka lami ikaisha na mchanga ukaanza. Kimbunge hakuna aliyemjua baba, na baba hakumjua mtu. Lakini tulipofika ufukweni alisimama, akavuta pumzi kwa pua, na akaanza kutembea bila kunishika.

Maji yalikuwa yameondoka. Sijawahi kuona kitu cha namna ile. Mahali palipopaswa kuwa bahari palikuwa na uwanja, majani, madimbwi, mawe meusi, na watu wadogo wadogo mbali wameinama, wanawake wengi, ndoo kichwani na fimbo za chuma mkononi. Lusekelo alikuwa amesema kweli. Kama tungefuata mwezi wa Mikumi tungefika kesho yake, na kuna upepo.

Tukaacha mfuko na simu kwa mama muuza mihogo, tukaingia. Nilimvalisha baba raba za mpira. Tulitembea mpaka ufukwe ukawa mstari. Njiani niliona sehemu mwamba umebomolewa, vipande vyeupe vimetapakaa. Baba alivipapasa kwa fimbo akauliza ni nini, nikamwambia.

"Mitarimbo," akasema kwa hasira. "Mtu anamkosa pweza kwa mkono, anavunja nyumba. Hapo hahamii tena mwingine mpaka wajukuu wake wazeeke."

Karibu na ukingo akanisimamisha. "Sasa geuka utazame bara. Uuone mnara wa msikiti, na kushoto kwake minazi pacha. Sogea mpaka mnara ukae katikati ya minazi."

Nikageuka. Mnara nikauona. Minazi pacha hakuna. Palikuwa na ukuta mrefu mweupe wa hoteli, umeanza huku na kuishia kule.

"Minazi hakuna, baba. Wamejenga."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Ni ukuta."

Akageuka mwenyewe na kile kitundu chake, akakipeleka polepole kwenye ufukwe wote, akarudia tena. Hapo, sitaficha, nilihofu. Nilisikia sauti ya Abubakari: wewe si mtoto, Joha. Mwamba ule una mashimo elfu na baba hakuwa na lolote la kushika. Wale wanawake walikuwa wameanza kurudi. Mmoja mwenye ndoo ya bluu akatupungia. "Babu! Rudini, maji yanageuka!"

"Nayajua yanakogeukia!" baba akajibu. Kisha akainama akavua raba.

"Baba, utakatwa na mawe! Kuna urumba, wale wadudu wa miiba!"

"Shika hizi." Akanipa raba. Akaweka unyayo wake chini, ule unyayo wa mkulima uliopasuka, akatulia. "Nilikuja hapa usiku pia, Joha. Usiku minazi haionekani."

Akaanza kutembea. Sikumshika, nilienda pembeni yake mikono imenyooshwa, nikimlinda asianguke. Alizungumza na miguu yake. "Mchanga. Majani laini. Haya, mwamba unapanda. Hapa kuna mfereji, maji yake ya baridi... bado yapo. Fuata mfereji." Damu ilimtoka kidole gumba hakujali. Mara akasimama, akarudi hatua, akasogea kushoto, akakanyaga kitu mara mbili mguu ule ule. Uso wake ukabadilika.

"Piga magoti. Chini ya ubavu wa hili jiwe. Mlango unatazama baharini."

Nikapiga magoti ndani ya maji. Palikuwa na mdomo wa shimo, mduara, laini, kiasi cha mdomo wa chungu. Mbele yake maganda ya kaa yametupwa nje.

"Kuna maganda, baba!"

"Makavu au mabichi?"

"Mabichi. Mengine bado yana nyama."

"Basi mwenyewe yupo. Ingiza mkono."

"Mimi?"

"Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Ingiza."

Nikaingiza mkono mpaka begani, shavu langu juu ya mwamba. Baridi, utelezi, halafu kitu kikanishika. Mwee! Nilipiga kelele wakanisikia mpaka hotelini. Kilinizunguka kiganja, kikapanda, kikavuta.

"Usivute," baba akasema, ametulia kabisa. "Ukivuta naye anavuta, na nyumba ni yake. Mwachie mkono. Atataka kukujua. Mpe muda aje mwenyewe."

Maji yalikuwa yananipanda kiunoni. Nilimwachia mkono. Alikuja kidogo kidogo, mguu mmoja, mwingine, mpaka mkono wangu wote ukawa wake, na hapo nikauinua taratibu na pweza akatoka nao, mzito, mwekundu wa hasira. Baba alimshika kichwa akakigeuza nje ndani kwa vidole viwili, haraka, kama mtu aliyefanya hivyo jana. Miaka ilikuwa imepita bila kumgusa pweza, na vidole havikusahau.

"Haya," akasema. "Sasa shimo ni lako."

Nililia. Nilimkumbatia pale pale ndani ya maji na pweza katikati yetu. Kisha tukaanza kurudi, bahari ikitufuata visigino, na mimi nilikuwa nimeshafika Kilosa. Nilimwona pweza huyu amelala juu ya kaunta ya Abubakari, juu ya misumari yake. Nilimwona kwenye meza ya mjomba Ditram, na wote wa Ulaya wamefunga midomo. Nilikuwa najiuliza atahitaji barafu kiasi gani mpaka Kilosa.

Tulipokanyaga mchanga yule mwanamke wa ndoo ya bluu alikuwa amesimama anatungoja, anatutazama kwa wasiwasi. Baba akanigusa bega.

"Mpe."

"Nimpe nini?"

"Pweza. Wa kwanza si wako. Pweza wa kwanza wa anayeonyeshwa anapewa mtu wa kwanza kukutana naye mchangani. Mama yangu aliniamuru hivyo, nami nilitoa."

"Baba!" Nilisikia damu inapanda kichwani. "Nimetukanwa kwa ajili ya shimo hili tangu nina meno ya utoto! Huyu ndiye shahidi wangu! Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ungekataa kuja?"

"Ningekuja."

"Basi. Na nyumbani hatusemi."

"Hatusemi nini?"

"Lolote. Abubakari akijua lipo atataka kuliona. Akiliona atamwonyesha rafiki yake. Rafiki yake atakuja na mtarimbo. Umeona kule walivyofanya. Mimi wamenicheka miaka yote, sijafa. Shimo litakufa."

Nilimpa yule mwanamke. Alidhani namtania. Nilimpa kwa hasira hata shukrani yake sikuingoja, nikaenda kuchukua mfuko wetu kwa muuza mihogo.

Jumapili upepo ulivuma kweli. Dar nzima mabati yalikuwa yanapiga kelele tulipokuwa tunakwenda stesheni. Tulishuka Kilosa kwa treni, kichwa juu, tukapita mbele ya duka la Abubakari, limefungwa. Yuko Ulaya. Kikao kilikuwa kimesogezwa mpaka siku hiyo kwa ajili yetu, jirani yake akatuambia.

Tulikuta wamejaa uani kwa mjomba. Nilisalimia shikamoo mpaka ulimi ukachoka. Abubakari alimpapasa baba mikono, mabega, akaona kidole gumba kimefungwa kitambaa, na nilimwona macho yanamlengalenga kabla hajakasirika tena. Mjomba Ditram akakohoa.

"Shemeji, umekwenda kwenu, umerudi salama, tunashukuru Mungu. Sasa tuambie. Shimo lipo?"

Watu wakainama mbele. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani karibu na baba, nimejifunika kanga mpaka kwenye kiganja na joto lote lile. Nilibana meno.

"Hakuna shimo," baba akasema.

Kelele iliyotoka pale! Walicheka, wakapigana mabega. Jirani mmoja alisimama kabisa ili acheke vizuri. Abubakari hakucheka, alitikisa kichwa. "Njia ya mwongo," akasema, wala hakumalizia. "Na wewe Joha? Umemtoa mzee damu kwa ajili ya hewa. Omba radhi mbele ya wazee."

Neno moja tu lingetosha, nilikuwa nimeshalifungulia mdomo. Hapo nikasikia mkono wa baba umeingia chini ya kanga yangu. Vidole vyake vilipanda polepole kutoka kiganjani mpaka juu ya kiwiko, penye alama za pweza, vile viduara vyekundu vilivyopangana mistari. Alikuwa anavigusa kimoja baada ya kingine, hakosi hata kimoja. Akafika cha mwisho akatulia hapo.

"Siombi radhi," nikasema. "Na bamvua lijalo nakwenda tena."

"Kufanya nini, na shimo hakuna?"

"Kutembea. Bahari ina mlango? Una funguo wewe?"

Wakacheka tena, na mjomba Ditram, ambaye hapendi ugomvi uani kwake, akaona aipoze hali kwa ule utani wa siku zote. "Haya, yaishe. Mzee Mtulia, hebu tuambie, leo maji yakoje?"

Baba hakutazama juu. Jua lilikuwa linaingia nyuma ya vilima, na uso wake ulikuwa umeelekea huko, ingawa nadhani vilima vyenyewe havioni tena.

"Msiniulize mimi," akasema. "Mwulizeni Joha."

Wote wakanigeukia, vicheko bado midomoni. Nikahesabu kuanzia mwezi wa Alhamisi, ule ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuona.

"Makubwa yalikuwa jana," nikawaambia. "Leo yameanza kulegea."